Simu mpya, tovuti mpya: Nani anafaidi?

Mfanyabiashara akinunua simu mpya ya bei kubwa, jambo la kwanza analofanya baada ya kuhamisha namba za watu wake ni kufungua tovuti ya duka lake mwenyewe. Hapo ndipo matumizi yanapoanza.

Kwenye kioo kipya, kikubwa na chenye rangi kali, tovuti iliyomtosheleza kwa miaka mitano huonekana imechakaa ghafla. Maandishi ni madogo, picha zina ukungu, na ile nembo iliyochorwa harakaharaka wakati wa kufungua duka inatia aibu. Kabla ya wiki kwisha fundi wa tovuti ameshaitwa na bei imeshatajwa.

Kufurahia simu mpya hakuna ubaya wowote. Mtu aliyesimama dukani mwaka mzima ana haki ya kushika kitu kinachomfurahisha. Tatizo ni pale furaha hiyo inapogeuzwa kuwa uamuzi wa biashara, kwa kuwa mwenye duka anaitazama tovuti kwa macho yake na kwa simu yake, wakati anayepaswa kuitazama ni mteja, ambaye simu yake ni nyingine kabisa.

Achukuliwe mwenye duka la spea za magari maeneo ya Gerezani, Kariakoo. Hatajwi jina kwa kuwa si mtu mmoja. Wa aina yake wako wengi mjini, na kisa chake kimeungwa kutokana na mambo yanayowapata wengi.

Tovuti yake ya zamani ilikuwa na mambo matatu tu: orodha ya spea kwa aina ya gari, bei, na namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi nene juu kabisa ya ukurasa. Haikuwa nzuri. Lakini fundi wa gereji kule Tunduma, aliyelala chini ya lori lililokwama njiani kwenda Zambia, aliweza kuifungua kwa mkono mmoja wenye grisi, akasoma bei, akabonyeza namba, akaongea na mwenye mali. Jioni mzigo ukapakiwa kwenye basi.

Tovuti mpya ilikuja na picha kubwa inayojaza kioo kizima: duka lenyewe, limepigwa picha kwa simu mpya, jua likizama nyuma yake. Namba ya simu iliteremshwa chini kabisa, na mahali pake pakawekwa fomu ya kujaza jina, barua pepe na ujumbe. Bei ziliondolewa kwa maelezo kwamba tovuti za kisasa haziweki bei hadharani. Orodha ya spea ikageuzwa kuwa picha zinazopita zenyewe moja baada ya nyingine, kama tangazo la televisheni.

Mwenye duka aliifungua akiwa amekaa kaunta, simu mpya mkononi, imeunganishwa na waifai ya dukani. Ikafunguka mara moja. "Bosi, sasa umekuwa wa kimataifa," fundi wa tovuti alimwambia, na akalipwa sehemu ya fedha iliyobaki.

Simu kutoka mikoani zikaanza kupungua. Kwanza lawama zilikwenda kwa hali ya soko, kisha kwa mvua, kisha kwa jirani aliyeshusha bei. Ilipita miezi kadhaa kabla mteja mmoja wa siku nyingi hajauliza, tena kwa kupitia mtu mwingine: "Kwani bosi alifunga? Ile namba yake mbona siioni tena?"

Mteja huyo hakuwa na barua pepe ya kujaza kwenye fomu. Na hata kama angekuwa nayo, mtu ambaye lori la tajiri wake limelala barabarani hawezi kuandika ujumbe halafu akangoja ajibiwe ndani ya saa 24.

Hasara haikuishia kwenye namba ya simu. Uzito wa picha ni hesabu ambayo wafanyabiashara wengi hawaifanyi, ingawa ni nyepesi kuliko ya kodi. Picha moja iliyopigwa kwa kamera ya simu ya megapikseli 12 kwa kawaida huwa na megabaiti 3 hadi 4. Duka likiweka picha 40 za namna hiyo kama zilivyo, mzigo wote ni megabaiti 120 hadi 160. Mteja mwenye kifurushi cha gigabaiti 1 akizifungua zote mara sita au nane, kifurushi kimekwisha, na bado hajanunua kitu.

Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, uzito unaotosha kabisa kuonyesha bea au pedi ya breki kwenye kioo cha simu, mzigo wote unakuwa megabaiti 4. Kazi ya kuzipunguza ni ya nusu siku na programu zake ni za bure. Isipofanywa, kadiri kamera ya mwenye duka inavyokuwa bora ndivyo tovuti yake inavyozidi kuwa ghali kwa mteja. Hapo ndipo simu mpya inapoanza kumuumiza mwenyewe bila kujua.

Simu zilizo mikononi mwa wateja wengi wa Afrika Mashariki zina historia yake, na wafanyabiashara wangefaidika kuisoma. Tecno, Itel na Infinix zote ni za nyumba moja, kampuni ya Transsion ya China, iliyoingiza hisa zake kwenye soko la Shanghai mwaka 2019. Kampuni hiyo haikufika hapo kwa kutengeneza simu bora kuliko zote duniani. Ilijiuliza mteja wa Afrika ana shida gani: anahama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kutafuta nafuu, basi apewe laini mbili, umeme haumtoshi, basi apewe betri inayodumu, kamera nyingi zinamtoa giza kwenye picha, basi irekebishwe ya kuiona vizuri ngozi nyeusi. Kila jibu lilianzia kwa mnunuzi. Tovuti nyingi za maduka zinaanzia kwa mwenye duka, na nyingine kwa fundi anayetaka kazi ya kuwaonyesha wateja wake wajao.

Makosa haya wala si ya wauza spea peke yao.

Februari 2014 kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza, yenye maduka ya nguo na vyakula yanayojulikana nchi nzima, ilizindua tovuti mpya iliyogharimu pauni milioni 150. Tangu 2007 duka lake la mtandaoni lilikuwa likiendeshwa kwenye mitambo ya Amazon, na uamuzi wa kujitegemea ulikuwa na mantiki. Hakuna mfanyabiashara anayependa daftari la wateja wake likae kwa mshindani. Tovuti ilikuwa na picha kubwa na makala za mitindo kama jarida.

Hata hivyo, wateja waliokuwa wamejiandikisha kwenye tovuti ya zamani walitakiwa kujiandikisha upya. Julai mwaka huo huo kampuni ilitangaza kuwa mauzo ya mtandaoni katika robo ya mwaka iliyoishia Juni yalishuka kwa asilimia 8.1. Uongozi ulieleza kuwa tovuti mpya inahitaji muda wa kutulia.

Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, kwani mwaka uliofuata mauzo ya mtandaoni yalianza tena kupanda. Lakini msomaji mwenye jicho la hesabu ataona kilichotokea katikati. Mazoea ya mteja ni mali ambayo haiandikwi kwenye mizania. Anajua kitufe kiko wapi, anajua bei inasomeka wapi, kidole chake kinakwenda chenyewe. Siku tovuti inapobadilishwa yote, mali hiyo inafutwa kwa mkupuo, na hakuna mkaguzi atakayeiona kwenye vitabu. Inaonekana kwenye mauzo tu, tena baadaye.

Kampuni ya ukubwa ule inaweza kuvumilia robo mbili tatu za mwaka ikisubiri wateja wazoee. Mwenye duka Kariakoo, anayelipa pango la miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, hana robo ya mwaka ya kupoteza.

Kuna waliopata ajali na wakawa na busara ya kurudi nyuma. Finish Line, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiuza viatu vya michezo, ilizindua tovuti mpya Novemba 2012, yaani mlangoni kabisa mwa msimu wa Krismasi. Wateja walilalamika na mauzo yakashuka. Mapema Desemba kampuni iliirudisha tovuti ya zamani, ikikadiria kuwa imepoteza mauzo ya kama dola milioni 3. Kilichoiokoa ni kwamba ya zamani ilikuwa haijatupwa. Ni mafundi wangapi wa hapa, wakimaliza kazi, humwachia mteja nakala ya tovuti yake ya zamani? Na ni wenye maduka wangapi huiomba?

Wenye hisa nao hawajasahaulika. Kampuni ya Snap ya Marekani, inayomiliki programu ya simu ya Snapchat, iliuza hisa kwa umma Machi 2017 kwa dola 17 kila moja. Ilipobadilisha sura ya programu hiyo kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi la kutaka sura ya zamani irudishwe. Watumiaji wa kila siku walikuwa milioni 191 katika robo ya kwanza ya 2018, wakawa milioni 188 katika robo ya pili, kisha milioni 186 katika ya tatu. Kampuni yenyewe ilikiri kuwa mabadiliko ya sura ndiyo yaliyochangia zaidi upungufu wa kwanza.

Kwa mwekezaji mdogo, basi, maneno "mwonekano mpya" kwenye taarifa ya kampuni yasipokewe kwa makofi. Hata idadi ya waliotembelea tovuti haina uzito mkubwa, kwa kuwa watu wengi hupita kushangaa jengo jipya wasinunue chochote. La kuuliza ni kati ya watu 100 wanaoingia, wangapi wanalipa, na idadi hiyo ilikuwa ngapi kabla ya mabadiliko. Kampuni inayojua jibu hulitoa.

Hayo yote hayana maana kwamba tovuti isiguswe. Zipo tovuti ambazo kweli zimepitwa na wakati, hasa zile zilizojengwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani, ambazo kwenye simu mteja analazimika kuvuta maandishi kwa vidole viwili na kusukuma ukurasa kushoto na kulia. Mtindo wa kujenga ukurasa mmoja unaojirekebisha kulingana na ukubwa wa kioo ulielezwa na msanifu wa Marekani Ethan Marcotte mwaka 2010. Aprili 21, 2015, Google ilianza kuzipa nafasi ya mbele, kwa anayetafuta kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu. Duka ambalo hadi leo halijafanya hivyo lina sababu ya kumwita fundi, na sababu hiyo ipo hata kama mwenye duka bado anatumia kitochi.

Anayeita fundi kwa sababu hiyo atakuwa na maswali tofauti na anayeita kwa sababu ya aibu. Atataka kujua kurasa za zamani zitakwenda wapi, kwa mfano. Kiungo ambacho mteja wa Lubumbashi alitumiwa na mwenzake kwa WhatsApp miaka miwili iliyopita bado kinafanya kazi ya kuuza, bila mshahara. Anwani zikibadilishwa bila za zamani kuelekezwa kwenye mpya, kiungo hicho kinamfikisha mteja kwenye ukurasa usiokuwepo, naye ana namba za maduka mengine.

Aidha, atataka kujua jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz au .com, limeandikishwa kwa jina la nani. Jambo hili hupitwa haraka kwenye mazungumzo na huja kuumiza baadaye. Jina likiwa limeandikishwa kwa fundi, mwenye duka ni mpangaji ndani ya biashara yake, na siku wakikosana ndipo atakapojua.

Fedha nazo ziwekwe mezani. Tuseme simu imenunuliwa kwa Sh. milioni 2 na tovuti mpya imegharimu Sh. milioni 3, jumla milioni 5. Duka linalobakiwa na faida ya asilimia 10 kwenye mauzo linahitaji mauzo ya ziada ya Sh. milioni 50 ili kurudisha fedha hiyo tu. Ni mauzo ya ziada, yaani juu ya yale ambayo yangekuwepo bila simu wala tovuti. Mwenye duka akiulizwa milioni 50 hizo zitatoka kwa wateja gani, mara nyingi jibu lake ni kwamba siku hizi lazima uende na wakati.

Kwenda na wakati kuna bei yake, na wanaowahi ndio huilipa yote. Simu ya kwanza ya iPhone ilipoingia madukani Marekani Juni 29, 2007, ile yenye nafasi ya gigabaiti 8 iliuzwa dola 599. Septemba 5 mwaka huo huo, wiki kumi tu baadaye, bei ikashushwa hadi dola 399. Waliokuwa wamepanga foleni walipiga kelele, na Apple ikawapa vocha ya dola 100 kila mmoja. Ni kifuta jasho ambacho wauzaji wa simu wa hapa hawajulikani kwa kukitoa.

Pamoja na hayo, kati ya vitu hivyo viwili, simu ndiyo inayoweza kujilipa mapema. Simu nzuri inapiga picha za mzigo, inapokea oda, inapokea malipo na kutunza kumbukumbu zake. WhatsApp ilitoa programu ya wafanyabiashara mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikaongeza sehemu ya kupanga bidhaa na bei, na muuza duka anayeitumia kila siku anajua nini kimeulizwa na nini kimelala. Kwa anayeuza rejareja mtaani kwake, hiyo pengine inatosha. Anayeuza jumla kwa wageni wa Lusaka au Bujumbura wasiomfahamu ndiye mwenye haja zaidi ya tovuti, kwa kuwa mgeni kabla ya kutuma fedha hupenda kuona kwamba duka lipo kweli, lina mahali, na limekuwepo kwa muda. Kwa mgeni huyo anwani ya mtaa, namba inayopokelewa na tarehe ya bei zilizoandikwa vina thamani kuliko jua linalozama.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Aazimwe simu kijana wa dukani, ile yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa, izimwe waifai, mtu atoke nje hadi barabarani ambako mtandao unasuasua, kisha aandike jina la tovuti na kuhesabu sekunde hadi bei ya kitu kimoja ionekane. Apewe kazi hiyo mtu ambaye hakushiriki kuijenga. Akifika sekunde ishirini hajaona bei wala namba, mteja wa kweli alikwisha kata tamaa zamani.

Mwenye duka la Gerezani alifanya hivyo kwa kuchelewa. Kijana wake alisimama kando ya bajaji zilizoegeshwa, akangoja, akaiona picha ya duka ikishuka vipande vipande kutoka juu, kisha ikakwama kwenye paa.

Namba ya simu imerudi juu, kwa herufi nene. Bei zimerudi, zikiwa na tarehe. Orodha ya spea imerudi kuwa orodha. Picha ya jua likizama mwenye duka alikataa kuiondoa, kwa kuwa anaipenda. Imeteremshwa chini kabisa, palipokuwa na namba, na uzito wake sasa ni kilobaiti 90. Fundi aliirekebisha kwa siku moja, na kazi hiyo pia akaidai fedha yake.